Viti Sita vya "All Set"

Nyumbani kwangu Temeke kuna viti sita vya mninga, migongo imechongwa, vanishi inang'aa mpaka unajiona sura. Meza hamna. Tunakula mkekani, na viti vimejipanga ukutani vinatutazama kama wazee waliokuja kuleta posa. Juzi jirani kachungulia, akauliza, "Kuna kikao?" Nikamwambia kimeahirishwa.

Chanzo chake ni neno la Kiingereza lenye herufi tatu. Tatu tu! Neno ambalo ukilitazama hulidhanii, kama vile mtu mfupi ambaye hujui ni mgomvi mpaka uingie naye kwenye daladala.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko. Alikuja mama mmoja wa Kimarekani, mpole, na daftari lake dogo la kujifunzia Kiswahili, akataka meza ya chakula ya watu sita, miguu ya kukereza. Akalipa nusu, akaondoka. Siku ya tatu nikaona mbona mtu anataka meza tupu, nikamwandikia ujumbe kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, kumuuliza habari za viti. Akajibu: "Thank you fundi, we are all set."

Sasa hebu niambie, wewe ungeelewaje? "All" ni yote, hilo tunalijua. Na "set" ni seti. Nani nchi hii hajui seti? Seti ya sofa, seti ya sufuria, seti ya vikombe ambayo mama hairuhusu kutumika mpaka aje mgeni. Nikampa simu kijana wangu wa karakana, ambaye amemaliza kidato cha nne, akasoma mara mbili, akarudisha simu kwa kujiamini. "Bosi, huyu anataka seti yote." Tukaingia kazini. Mbao za mninga za viti sita haziokotwi, lakini nikasema mteja wa namna hii usimwangushe.

Siku ya kupeleka mzigo, kirikuu kikafika getini, meza ikashushwa, mama akafurahi mpaka akashika shavu. Tukaanza kushusha viti. Kimoja, viwili, vitatu. Akavishika migongo, akavisifu. "Vizuri sana, fundi! Ni vya nani?"

Nilihisi miguu inalegea. Ndani, pembeni mwa ukuta, kulikuwa na viti sita vya ukindu alivyonunua mwenyewe kabla hajanijua. Ndipo akanieleza, taratibu, kwa huruma, kwamba "we are all set" maana yake ni tumeshakamilika, hatuhitaji kitu. Yaani limekuja "yote", likaja na "seti", jumla yake ikawa hakuna! Hesabu gani hiyo?

Usiku nikamweleza binti yangu, yuko kidato cha pili. Hakunionea huruma hata kidogo. Akafungua daftari la hisabati: sura nzima ya "sets". Akanionyesha mabano yaliyojipinda, ndani vitu, hiyo seti. Halafu akanichorea mabano hayohayo, ndani hamna kitu. "Na hii, baba, ni seti tupu." Nikamuuliza, haina kitu halafu inaitwa seti? Akasema ndiyo, na mwalimu anaiwekea alama. Basi nikamwambia kesho akamwambie mwalimu wake kwamba mfuko wa baba yake ni seti, tena amekuwa nayo miaka yote bila kujua kuwa ni msomi.

Akachukua simu, akaanza kunisomea. Mimi nilidhani atanisomea maana mbili tatu tulale. Jua likizama, wenyewe wanasema "set". Ukitega mtego, "set". Mganga akiunga mfupa, "set". Mwalimu akitunga mtihani, "set". Mama akiandaa meza, "set" (hapo nikajikuna). Ukimwachia mfungwa huru, ukitia moto kichaka, saruji ikishika, vyote "set". Sisi kila kimoja tumekipa jina lake, kimoja kimoja, kama watoto wa halali. Wenzetu wamechukua shati moja wakavisha familia nzima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata kazi yangu wameniingilia. Gundi ikishika, "set". Kile kichuma cha kuzamishia kichwa cha msumari ndani ya mbao, "set". Na yale meno ya msumeno, ambayo unayapinda moja kushoto, linalofuata kulia, ili msumeno usibanwe na mbao ukikata, kule kupinda nako ni "set". Miaka 22 napinda meno ya msumeno sijui kwamba nafanya kitu ambacho siku moja kitanirudi kwa njia ya ujumbe mfupi.

Binti akaendelea. Kwenye ile kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, mabuku 20, neno lililokula nafasi kuliko maneno yote ni hilohilo. Kitenzi peke yake kimepewa maana zaidi ya 430, na maelezo yake ni kama maneno 60,000. Hebu fikiri, maneno 60,000 kueleza herufi tatu! Ningepewa mimi hiyo kazi ningeandika "angalia mwenyewe" nikaenda kunywa chai.

Na bado lilikuja kupitwa. Wahariri walipoanza kulifanyia upya neno "run", kukimbia kwa kawaida tu, lilitoka na maana 645 za kitenzi. Mhariri mmoja, Peter Gilliver, lilimchukua miezi tisa. Miezi tisa! Kwa muda huo mke wangu alinizalia mtoto, na mtoto ana maana moja tu: ada. Kwa "run", eti pua yenye mafua inakimbia. Bomba la maji likiachwa wazi linakimbia. Nguo ikichuja rangi, rangi imekimbia. Mwenye duka anakimbiza duka, na anayegombea ubunge naye anakimbia, ingawa kwa huku kwetu nakiri hapo wamepatia, maana akishashinda humwoni tena.

Nililala nikiwa nimewashinda Waingereza. Nikawa nimeshatunga hotuba nzima ya namna lugha yetu ilivyopangika.

Wiki iliyofuata mama wa Kimarekani akaja Keko. Meza inachezacheza, mguu mmoja umezidi kidogo. Nikamwambia akae, kijana atakwenda naye kuutengeneza. Akakaa kwenye kigogo, akafungua daftari, akawa anatusikiliza tukifanya kazi. Mimi sikujua kama anahesabu.

Kijana akauliza, "Bosi, huu mlango nianze kupiga msasa?" Nikamwambia apige randa kwanza, mbao bado ina mawimbi, ndipo apige msasa, na vanishi apige kesho ikiwa kavu. Akasema mteja amepiga simu asubuhi, anataka apigiwe picha ya mlango ulipofikia. Nikamwambia asimpigie picha kabla sijapiga misumari huku chini, na kwa nini yeye mwenyewe anapiga miayo saa nne asubuhi? Akapiga chafya. Vumbi.

Mama wa Kimarekani alikuwa ameacha kuandika. Ananitazama kwa macho ya mtu aliyeingia nyumba isiyo. "Fundi," akasema, "mbona mnapiga kila kitu?"

Nikacheka. Hakucheka. Akanisomea daftari lake: mwalimu wake wa Kiswahili amemfundisha kwamba asubuhi mtu akiamka anapiga mswaki, anapiga deki, anapiga pasi. Akienda kwa jirani anapiga hodi. Kanisani anapiga magoti. Siku ya uchaguzi anapiga kura. Wakati wa raha, anapiga stori. "Mswaki," akasema kwa uchungu, "umefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Hotuba yangu yote ya usiku ule ikaniyeyukia kichwani kama gundi iliyotiwa maji mengi. Nilijaribu kuhesabu za kwangu kwa vidole, nikamaliza mikono yote miwili na bado sijatoka karakana. Lakini mswahili hakubali kushindwa akiwa kwake. Nikasimama, nikafuta mikono kwenye aproni, nikamweleza.

Nikamwambia, sikiliza mama, tofauti iko hapa. Sisi "piga" hatuliachi litembee peke yake. Tunalipa mtu wa kulishika mkono. Piga nini? Pasi. Piga nini? Simu. Ukisikia kilichopigwa umeshaelewa, huhitaji mabuku 20. Lakini nyinyi "set" mnaitupa peke yake tu, "we are all set", nukta, mtu kakata mbao za watu. Kwetu "piga" likija peke yake, bila kitu mbele, basi hilo ni kofi, hakuna kingine. Ni sheria.

Akatikisa kichwa, akaandika: likija peke yake ni kofi. Akapigia mstari. Kijana alikuwa anakohoa kwa namna ambayo sikuipenda, lakini nikadhani ni vumbi la msasa.

Hapo ndipo mke wangu akafika na hotipoti la chakula cha mchana. Akasalimia, akamtambua mgeni kwa daftari, maana habari zake tunaimbiwa nyumbani kila siku. Akaangalia kona ya karakana, ambako nilikuwa nimerudisha kiti kimoja nikitumaini kupata mteja. Akaangalia hotipoti. Akaniangalia mimi, akasonya kidogo, kwa upendo wa ndoa ya miaka mingi.

"Baba watoto," akasema, "wewe ulipigwa."

Mama wa Kimarekani akaruka kutoka kwenye kigogo. Daftari chini, kalamu huko. Akanishika bega, akaanza kunikagua uso upande huu na upande huu, akitafuta uvimbe.

"Pole sana, fundi! Nani amekupiga?"

Kijana akakimbilia nje. Nami nikanyoosha kidole, nikamwonyesha kiti.