Kelvin na umri wa dunia: mzee alikosea, ila sio kwa sababu tunayoambiwa

Stori inayozunguka kila siku ni kwamba Lord Kelvin, mwanafizikia wa Uingereza wa karne ya 19, alipiga hesabu ya umri wa dunia kwa kutumia joto akapata miaka michache mno, baadae mionzi ikagunduliwa, kumbe mawe yenyewe yanatoa joto, hesabu ikafa. Mi naona stori hii inamuonea mzee, af kuna mtu inamruka kabisa.

Mwaka 1862 Kelvin alianza na kitu ambacho hata wachimba migodi walikijua, ukishuka chini joto linapanda, kwa kawaida kama nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita. Akachukulia dunia ilianza na joto la kuyeyusha mawe ikawa inapoa taratibu kupitia mwamba mgumu, akatafuta imepoa muda gani, jibu likaja kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Hesabu yenyewe iko sawa! Na wanajiolojia wa enzi hizo walikua wanajisemea tu miaka isiyo na mwisho bila namba, Darwin alipojaribu 1859 kusema eneo la Weald kule Uingereza limemomonyoka kwa miaka milioni 300 alibanwa mpaka akaifuta kwenye matoleo ya baadae. Kwa hilo nampa Kelvin maksi zake.

Tatizo lilikua pale alipochukulia ndani kote ni kugumu na kumetulia. 1895 John Perry, injinia aliyewahi kua msaidizi wake, akauliza, je kama huko chini vitu vinajizungusha polepole kama uji mzito jikoni? Joto la ndani litakua linaletwa juu muda wote, kwa hiyo karibu na uso joto litaendelea kupanda kwa kasi ileile hata dunia ikiwa na miaka mabilioni, na hapo Perry hajagusa mionzi hata kidogo. Kelvin hakukubali.

Sasa wanaotetea mionzi wana hoja, maana sehemu kubwa ya joto linalotoka ardhini leo inatokana nayo, na ndo iliyompa mwanasayansi Patterson umri wa dunia wa miaka bilioni 4.55 mwaka 1956. Ila ukiichomeka kwenye hesabu ya Kelvin bila kugusa kitu kingine, umri unasogea kidogo tu, kwa sababu kwenye hesabu ile ni tabaka la juu tu ndo limepata muda wa kupoa, kwa hiyo joto la mionzi la chini zaidi halijafika juu.

Wanajiolojia nao wasichekelee sana, maana mwanasayansi Mjerumani Wegener alipokuja 1912 na mabara yanayotembea, wengi walimpinga kwa miaka mingi wakiuliza mabara yatapitaje kwenye mwamba mgumu, wakati Perry alishawaambia huko chini kunaweza kutiririka.