Damu ya Nuu-chah-nulth na Deni la Watafiti

Miaka ya 1980, watu wa Nuu-chah-nulth wa kisiwa cha Vancouver, Kanada, walitoa chupa 883 za damu. Mtaalamu wa jeni Ryk Ward, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, alikuwa akitafuta chanzo cha baridi yabisi iliyokuwa ikiwatesa. Jeni aliyoitafuta hakuipata. Akahamia Utah, kisha Oxford, na damu akahama nayo. Huko ikatumika kuchunguza asili ya watu wa kale, jambo ambalo wenyewe hawakuombwa ruhusa. Ilirudishwa 2004, Ward akiwa ameshafariki.

Kinachoniuma ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la maana. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini huugua baridi yabisi kuliko wengine, na mara nyingi huwaanza mapema zaidi. Mtu anaamka vidole vimevimba na kukakamaa, kufunga kifungo cha shati hawezi, mpaka saa nzima ipite ndipo vilegee. Kinga ya mwili imegeukia viungo vyake yenyewe.

Urithi umo, hilo silikatai. Kwa Wakrii na Waojibwe, wenyeji wa asili wa mkoa wa Manitoba huko Kanada, zile aina za HLA-DRB1 (jeni inayohusika na kinga ya mwili) zinazoongeza hatari zimeenea mno. Ila zimeenea hata kwa ndugu zao wasiougua kabisa! Kuwa nazo si kuugua. Sigara huongeza hatari, na ugonjwa wa fizi nao unashukiwa.

Ndiyo maana sikubali mtu anijibu kwamba "ni damu yao" na mazungumzo yaishe. Fizi zinatibika. Dawa za baridi yabisi zipo, na hufaa zaidi zikianzwa mapema, kabla mifupa haijaliwa. Lakini kaskazini mwa Manitoba kuna vijiji ambavyo havifikiki ila kwa ndege, au kwa barabara ya barafu majira ya baridi, na daktari bingwa yuko mbali huko Winnipeg, mji mkuu wa mkoa.

Wanuu-chah-nulth waliunda kamati yao wenyewe ya kupitia maombi ya utafiti. Naunga mkono kwa moyo wote. Anayekuja na sindano aeleze kwanza damu itakaa wapi, nani ataamua matumizi yake, na yule atakayekutwa na dalili za mwanzo atatibiwa na nani, tena lini. Akikosa jibu la hilo la mwisho, asipewe hata tone.