Shangazi alipojibu "niko sawa"

Shangazi yangu haketi dirishani. Kwenye matatu hutafuta kiti cha ndani, na kanisani hukaa karibu na nguzo. Tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa kazini katikati ya jiji, si mbali na ubalozi wa Marekani. Mlio wa kwanza uliwavuta watu madirishani; bomu lenyewe lilipolipuka, vioo vikawapasukia usoni. Hapa Nairobi walikufa watu 213, na maelfu wakajeruhiwa.

Miaka michache iliyopita alikuja mtafiti kijana na hojaji. Je, kumbukumbu za tukio lile humsumbua kamwe, mara chache au mara nyingi? "Niko sawa, mwanangu," shangazi akajibu, na alama ikatiwa. Mimi nilikuwa namimina chai. Nilimwona akisugua kovu la kiganjani kwa kidole gumba, juu, chini, juu, chini, mpaka mgeni alipoaga.

Jibu lilikuwa pale kwenye kidole, na hojaji haikuwa na nafasi yake.

Ipo njia nyingine. Tangu miaka ya 1980 daktari wa magonjwa ya akili Roger Pitman na wenzake huko Marekani wamekuwa wakimwomba mtu asimulie yaliyompata kwa maneno yake. Simulizi hufupishwa na kurekodiwa, naye huisikiliza kwa kama nusu dakika huku vifaa vikipima mapigo ya moyo, jasho la kiganja na misuli ya uso. Wengi wenye kiwewe, yaani jeraha la moyoni linalobaki baada ya tukio la kutisha, moyo huenda mbio. Lakini wapo wanaokufa ganzi: mapigo hayapandi, na mtu hujihisi kama hayumo chumbani. Sisi humwita huyo jasiri, na hilo linaniuma sana.

Ningependa watafiti wetu waanzie kwenye maneno ya mtu. Shangazi hana neno "kiwewe". Yeye husema moyo umeruka. Wala simlaumu kijana kwa kumkumbusha. Washiriki wengi wa tafiti za namna hii, wakiulizwa baadaye, husema waliumia kidogo ila hawajuti. Ninachomlaumu ni kufunga daftari na kwenda zake, bila kumpigia simu kesho yake, bila kumwonyesha mshauri nasaha. Usiku ule taa ya sebuleni haikuzimwa.

Juzi nilimuuliza angependa aulizwe vipi. Alikaa kimya muda mrefu.

"Waniulize siku hiyo nilivaa nini," akasema. "Halafu wanisubiri."