Kuzimazima kwa Gari Langu

Gari likifa moja kwa moja ni msiba, lakini msiba unaoeleweka: unalivuta, unalia kidogo, unatafuta lingine. La kwangu halifi. Linazimia. Linachagua katikati ya makutano, taa imeshakuwa ya kijani, lori nyuma yangu linapiga honi. Napiga stata mpaka betri inaugulia. Wapi! Nashuka, nalisukuma pembeni na wasamaria wema. Baada ya nusu saa hivi, injini ikishapoa, nageuza ufunguo kwa kukata tamaa tu, na lenyewe hilo: vruum! Halina habari na mtu.

Sasa lipeleke gereji uone adabu. Linanguruma taratibu, halitetemeki, halikohoi. Fundi anakanyaga mafuta, anasikiliza, kisha ananitazama mimi badala ya injini. "Mbona gari zima hili, mzee?" Nabaki kuapa kwamba jana lilizima, na naona kabisa usoni mwake kwamba kipuri kibovu ameshakipata: dereva. Tukitoka getini, kona ya kwanza, puu.

Na umeme wake sijausema bado. Nikiwasha indiketa, mshale wa mafuta nao unacheza. Nikiwasha feni, taa za mbele zinafifia na redio inakwaruza. Vitu ambavyo havihusiani hata kwa mbali vimeamua kufanya umoja dhidi yangu.

Fungua boneti barabarani, wataalamu wataota kama uyoga. "Plagi hizo." "Koili hiyo, mimi nakwambia." Mmoja ambaye hata baiskeli hana alisema kwa uhakika wote kwamba ni mafuta machafu. Mafundi niliowapata nao ni wale wale, tofauti ni ovaroli. Wa kwanza alibadilisha plagi. Mwenzake akabadilisha betri. Aliyefuata akang'oa alteneta, ile inayochaji betri, akasema ya zamani "imechoka", neno linalotosha kila kipuri chini ya jua. Hakuna aliyetoa mita ya kupimia umeme! Matokeo yake gari likawa linazima vilevile, ila sasa linazima na vipuri vipya.

Kuna aliyechomeka mashine ya kusoma makosa. Ikasema kosa hakuna. Sikuilaumu sana, maana kompyuta ya gari kuukuu huandika yale tu inayoyafuatilia. Waya uliooza hauna wa kuusemea.

Ndipo nikapata fundi umeme mmoja, mtu asiyependa maneno. Hakugusa kitu kwanza. Akauliza: "Likizima, taa za dashibodi zinabaki au zinakata zote?"

"Zinabaki."

"Basi swichi ya ufunguo tuiache kwanza."

Ajabu, katika wote wale, hakuna aliyewahi kuniuliza lilizimaje. Akatoa mita. Betri ikiwa imetulia: volti 12.6. Injini ikiunguruma: 14.2. Alteneta nzima, na ile niliyoambiwa imechoka sijui sasa hivi inamfanyia nani kazi. Halafu akawasha taa na feni, akagusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha bodi. Ikasoma 0.9. "Hapa hatutaki hata 0.2," akasema, akaufuata waya wa athi, ule unaofunga hasi ya betri kwenye bodi. Kwa nje ganda jeusi, safi, linang'aa. Akaukunja kidogo karibu na bolti. Ganda likapasuka, ukamwagika unga wa kijani, na ndani zikabaki nyuzi chache za shaba ambazo ungeweza kuzihesabu. Umeme wa taa ulikuwa umekosa njia ya kurudi, ukawa unajipenyeza kupitia kwa majirani. Akaweka waya mpya, akakwangua rangi mpaka chuma cheupe, akakaza. Umoja wao ukavunjika siku hiyo hiyo.

Jua lilipokolea, likazima tena.

Safari hii nilimpigia simu, na akalikuta bado limezima! Kwa mara ya kwanza gari hili limefumaniwa. Akageuza ufunguo bila kupiga stata, akaweka kidole mdomoni tunyamaze. Kimya. "Pampu hailii," akasema. Ni pampu ya mafuta, kwa kawaida husikika ikivuma ndani ya tangi kwa sekunde kama mbili. Akachomoa relei ya pampu, kiswichi kinachoipelekea umeme, akachomoa na ya honi, za aina moja, miguu ile ile, akazibadilisha nafasi. Vruum!

Akabandua kifuniko cha ile mbovu, akanionyesha: lehemu kwenye mguu mmoja imepasuka duara, ufa mwembamba kuliko unywele. Ikipata joto inaachana, ikipoa inashikana. Kadude kadogo kuliko kiberiti, ndiko kaliko­nisukumisha gari lote hilo.

Akairudisha relei hiyo mbovu kwenye nafasi ya honi. "Utatembelea hivyo mpaka ununue mpya."

Basi natembea. Gari halizimi tena. Ila honi sasa inalia asubuhi tu. Jua likipanda, inakata. Juzi mchana jamaa wa baiskeli alinikatiza, nikabonyeza, kimya, ikabidi nitoe kichwa dirishani nipige honi kwa mdomo. Akageuka, akanipisha, akaliangalia gari kuanzia bampa hadi bampa.

"Plagi hizo, mzee."