Muulizeni Anayempa Mbwa Chakula

Juzi huku kwetu Ilazo, Dodoma, mtoto wa darasa la tatu kang'atwa na mbwa akipita nje ya geti la jirani lililoachwa wazi. Mwenye mbwa aliporudi kutoka kazini Mtumba akamwambia mama wa mtoto, "Huyu mbwa wangu hana shida na mtu." Dada wa kazi alikuwa amesimama hapohapo, kimya. Yeye ndiye anayempa ugali na dagaa kila jioni, na tangu zamani alikuwa akilalamika dukani kwamba mbwa yule anakurupuka kwa kila kitu, hata chakula hakijafika chini ameshakirukia.

Imeniuma sana. Aliyejua alikuwepo, na hakuna aliyemuuliza.

Tabia hii ya mbwa kukurupuka inapimika. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha hojaji yenye vipengele 18 ya kupima papara ya mbwa. Anayeishi naye anajibu: je, anaweza kujizuia? Akisisimka, anatulia upesi? Ana subira? Kisha wakawapa mbwa uchaguzi: chakula kidogo sasa hivi, au kingi ukisubiri. Wale ambao hojaji iliwaonyesha kuwa na papara zaidi walivumilia kusubiri kwa muda mfupi zaidi. Na walipowapima tena mbwa walewale baada ya miaka takriban 6, tabia ilikuwa haijabadilika sana. Kwa hiyo ile kauli ya "ataacha akikua" tusiitegemee.

Lakini hojaji nzima inasimama juu ya huyo anayejibu. Hapa Dodoma, tangu Serikali ihamie, nyumba nyingi mwenye mbwa anatoka alfajiri na kurudi usiku. Anachokijua ni mkia unaotikiswa getini. Hajui mbwa anafanyaje muuza mboga akigonga saa nne asubuhi, wala kuku wa jirani wakiruka ukuta, wala watoto wakitoka shule wakikimbizana. Dada anajua. Mlinzi anajua. Mtoto aliyekatazwa kukaribia banda anajua kuliko wote. Hawa tunawaona hawana la kusema kwa sababu mbwa si wao, basi na maarifa yao yanapotea.

Nendeni Chamwino au Bahi mkamuulize kijana anayechunga mbuzi. Atakwambia huyu anasubiri aitwe, yule akiona kitu kinakimbia hasikii tena filimbi wala jina lake, na huyo wa pili hamwachii karibu na wana-mbuzi. Hajajaza fomu yoyote, lakini anashinda na mbwa wake porini kutwa nzima, na jibu lake ningeliamini kuliko la bosi wa Ilazo.

Nakubali, wezi wapo na mbwa wa ulinzi anahitajika. Ila anayemrukia kila apitaye hajui kutofautisha mwizi na mwanafunzi, na kumwita mlinzi ni kumdanganya mwenye nyumba. Kuhusu mbegu za kizungu zinazouzwa kwa bei ya ng'ombe: utafiti mkubwa uliotoka Marekani mwaka 2022 ulionyesha kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Nyingine mtazijua kwa kuishi na mbwa mwenyewe.

Mtoto aking'atwa, jamani, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje kesho.

Na jirani yangu, kabla hujaamua mbwa huyo afungwe wapi na afunguliwe saa ngapi, mkalishe dada sebuleni, mpe muda, aseme yote. Wewe usimkatize.