Great Vibes ni ya majina ya maharusi, kadi nzima iacheni

Nianze kwa kusema naipenda sana hii fonti, yaani muundo wa herufi za kompyuta. Great Vibes, ile ya mwandiko wa kuunganisha, herufi kubwa zake zina mikia inayozunguka kama utepe, ukishapokea kadi za harusi mbili tatu lazima umeiona hata kama jina hulijui. Mimi kazi yangu ni kutengeneza kadi na kila mara kuna mtu ananionyesha picha kwenye simu, dada nataka maandishi kama haya, nikiangalia ni hiyo hiyo.

Kinachoniuma ni tunavyoitumia. Mwaka jana ilikuja kadi kwenye familia yetu, karatasi nzito, dhahabu inang'aa, na kila kitu kimeandikwa kwa mwandiko huo, kuanzia majina ya wazazi mpaka ukumbi mpaka namba za simu za wanakamati. Babu mdogo akaishika, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akafuta miwani, mwisho akanipa, mjukuu wangu hebu nisomee. Na huyu ni mzee anayesoma gazeti kila asubuhi! Mtu mzima katoa mchango wake halafu anashindwa kusoma anaalikwa wapi na saa ngapi, kwangu mimi hilo ni kumkosea heshima, hata kama hakuna aliyekusudia.

Na fonti haina kosa. Aliyeichora ni Mmarekani, Robert Leuschke, na ukiikuza kwenye kompyuta utaona kila herufi ndogo inamalizia na kamstari kembamba kanakoenda kukutana na herufi inayofuata. Kwa hiyo ukitanua nafasi kati ya herufi ili neno lijaze upana wa kadi, umekata uzi, zinabaki herufi moja moja zinaning'inia. Herufi kubwa nazo zimechorwa zitangulie, moja mbele halafu ndogo zifuate, sasa mtu anaandika HARUSI yote kwa herufi kubwa, mikia inapandana na neno halisomeki tena. Jamani, hiyo msifanye kabisa.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Andika neno "muungano" kwa mwandiko wa kuunganisha uone, m, u, u, n, vyote ni vijiti vilivyosimama pamoja, jicho linapotea katikati. Lugha yetu imejaa mw na mu na nu, kwa hiyo sentensi nzima ya mwaliko kwa fonti ya namna hii inachosha haraka. Jina moja, sawa, jina mtu analijua tayari, anaangalia umbo tu.

Maumbo haya yametoka kwenye kalamu ya kuchovya wino, ile nibu yenye ncha kali, ukishuka unakandamiza mstari unanenepa, ukipanda unalegeza unakuwa mwembamba. Waingereza waliufundisha sana mwandiko huo karne ya 18, mmoja wa walimu wake alikuwa Charles Snell, na mwaka 1966 mchora herufi Matthew Carter akachora fonti ya Snell Roundhand kwa kufuata mwandiko wa huyo Snell. Kabla ya hapo herufi za risasi, zile za chuma laini za kuchapia zamani, zilisumbua, kila herufi inakaa kwenye kipande chake chenye pembe nne, sasa mwandiko uliolala na kuungana utaupangaje bila kuonyesha mapengo? Ilipokuja teknolojia ya kupanga herufi kwa picha ndiyo ikawa rahisi kuziunganisha vizuri. Watu wamehangaika hivyo kuziunganisha, sisi tunazitenganisha kwa kubonyeza mara moja.

(Na msiseme mwandiko wa kuunganisha ni wa kizungu, wazee wetu wa pwani wameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne na karne, na zile nazo zinashikana.)

Ile mistari myembamba ndiyo ya kuangalia zaidi. Kwenye skrini kubwa inapendeza, ukiipunguza iwe ndogo halafu ukatuma picha WhatsApp, ikabanwa, ikatumwa tena kwenye grupu la ukoo, inakatika katika. Kwenye printa ya kawaida ndiyo usiseme. Bango la saluni barabarani pia hapana, mtu yuko kwenye daladala anapita, anahitaji herufi nene zilizosimama.

Inapofaa inafaa kweli: majina ya maharusi makubwa katikati na hewa ya kutosha pembeni, jina la mhitimu kwenye cheti, neno Karibu kwenye ubao wa mlangoni, lebo ya keki. Iko Google Fonts, tovuti ya Google ya fonti, bure na leseni yake ni ya wazi, hata kazi ya kulipwa unaruhusiwa. Mimi majina nayaweka Great Vibes, tarehe, saa na ukumbi naandika kwa Lato, fonti ya herufi za kawaida zilizosimama bila mikia, namba za simu ndio kabisa siziweki mkia wowote.

Siku hizi kadi yoyote kabla sijaipeleka kuchapwa nampelekea babu mdogo nakala ya karatasi, namwambia babu hebu soma. Akinitajia ukumbi na saa bila kunirudishia kadi mkononi, nachapa.