Shoreditch na Hampstead: Vizazi Vilivyohesabiwa Bila Kuzingatia Ndoa

Kati ya 1876 na 1911, kiwango cha vizazi nchini Uingereza na Wales kilishuka kutoka 36 hadi takribani 24 kwa kila watu 1,000. Jijini London, mitaa ya mafukara kama Shoreditch iliendelea kuzaa sana, ilhali Hampstead ya wenye nacho ilizaa kidogo. Mwanatakwimu Karl Pearson na wenzake waliona hapo dalili ya taifa kudhoofika, kwa hofu kwamba wasiofaa walikuwa wakiwazidi wanaofaa.

Hoja yao haikukosa msingi wa hesabu. David Heron, mmoja wa wenzake Pearson, mwaka 1906 alipima vizazi kwa wanawake walioolewa, wala si kwa wakazi wote, na tofauti ikabaki. Tena akaonyesha kuwa ilikuwa imekua tangu 1851.

Hata hivyo, kiwango cha jumla, yaani vizazi kwa wakazi wote, kiliwaonea wanawake wa Shoreditch. Hampstead ilijaa watumishi wa nyumbani, wasichana waliolala kwa waajiri wao na ambao kwa kawaida waliacha kazi walipoolewa. Kila mmoja wao aliongeza idadi ya wakazi pasipo kuongeza mtoto, na alipohamia kwa mume katika mtaa wa maskini, uzazi wake uliandikwa huko. Madaktari Newsholme na Stevenson, mwaka huohuo wa 1906, walisahihisha viwango kwa kuzingatia umri na ndoa, na pengo la mitaa hiyo likapungua sana.

Kisha kuna vifo, ambavyo ndivyo vinavyostahili kutusumbua zaidi. Sensa ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa si tu watoto wangapi walizaliwa hai, bali wangapi walikuwa wamekufa. Mwaka huo, kiangazi kikiwa kikali na kuhara kukienea, watoto wachanga 130 katika kila 1,000 walikufa nchini kote, na familia za vibarua ziliumia kuliko za matabaka ya juu. Mama aliyefiwa na mtoto anyonyaye hushika mimba tena mapema, kwa kuwa kunyonyesha kumekatika. Kwa hiyo sehemu ya uzazi uliolaumiwa kama uzembe ilitokana na msiba.

Hata vifo vikiondolewa, familia za vibarua zilibaki kubwa kuliko za wenye nacho. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na umri wa kuoa na kuolewa: wenye nacho walichelewa kufunga ndoa, na waliofunga walianza mapema kupanga idadi ya watoto. Hayo ni mambo ya kipato na maarifa, na hakuna jedwali la sensa lililothibitisha kwamba ni ubora wa damu.